Kusoma Shairi la Mahaba na Bahari: Jinsi ya Kutoa Mwitiko Wenye Ushahidi

Utangulizi

Katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili (102/3), swali la ushairi hubeba alama 20 kati ya 80. Shairi linalotahiniwa huenda hujapata kuliona darasani. Linaweza kuwa la siasa, la malezi, la mazingira au la mapenzi. Hili la mapenzi ndilo huwatatiza wanafunzi wengi, hasa linapotaja mwili: midomo, kifua, pumzi, mguso. Baadhi hucheka. Baadhi huona haya na kuliruka. Wengine hukimbilia jibu la kukariri kwamba "mshairi anatuhimiza tupendane." Wote hao hawajalisoma shairi lenyewe.

Sura hii inashughulikia aina moja ya ushairi huo: shairi la mahaba linalotumia bahari, lililotungwa na malenga chipukizi. Kufikia mwisho wa sura, unatarajiwa kuweza:

(i) kueleza kwa nini bahari hutumiwa sana kusawiri mapenzi;
(ii) kutambua taswira za hisi na kazi yake katika shairi;
(iii) kupima miitiko tofauti ya wasomaji kwa kutumia ushahidi wa maneno ya shairi;
(iv) kutaja ubora na udhaifu wa shairi kwa haki na kwa adabu.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: una uhuru wa kuhisi utakavyo unaposoma shairi, lakini hoja yako ina thamani pale tu unapoweza kuweka kidole juu ya neno lililokufanya uhisi hivyo.

Bahari na mapenzi katika ushairi wa Kiswahili

Ushairi wa Kiswahili ulikulia pwani, na watunzi wake waliishi kando ya maji. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka wa 1840, alitunga kuhusu vita, siasa, maisha ya mji na mapenzi. Ahmad Nassir Juma Bhalo alitoa diwani ya *Malenga wa Mvita* mwaka wa 1971. Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu alihifadhi msamiati wa ujenzi wa vyombo vya baharini katika utenzi wa *Sambo ya Kiwandeo*, uliochapishwa mwaka wa 1979. Waimbaji wa taarab wa Lamu, Mombasa na Zanzibar nao wamezoea kulisema jambo la moyoni kupitia kitu kingine: ua, ndege, chombo au wimbi. Hata istilahi yetu ya aina za mashairi, "bahari za ushairi", ina maji ndani yake. Imetokana na Kiarabu, ambako neno lenye maana ya bahari hutumiwa pia kutaja vipimo vya mashairi.

Kwa nini bahari? Zipo sababu tatu ambazo utazikuta tena na tena.

1. *Bahari huja na kuondoka.* Maji hujaa, kisha hukupwa. Mpenzi pia huja, kisha huondoka.
2. *Bahari hulisha na huua.* Mvuvi hupata riziki yake humo, na huenda akapoteza maisha humo humo. Mapenzi nayo yana tamu na hatari yake.
3. *Bahari humgusa mtu mwili mzima.* Mlima huonekana kwa macho tu, lakini maji humshika mtu, humwinua, humlowesha na kumwachia chumvi ngozini. Kwa hiyo mshairi anaweza kuzungumzia mguso bila kuvunja staha.

Sababu ya tatu ndiyo ufunguo wa sura hii. Katika mila ya pwani, mapenzi ya mwili hayatajwi waziwazi mbele ya watu, hufumbwa. Fumbo ni njia ya kusema yote huku heshima ikibaki palepale.

Shairi la mfano

Shairi lifuatalo halitoki katika diwani yoyote. Limewekwa hapa kama mfano wa kazi ya malenga chipukizi, pamoja na uzuri wake na kasoro zake. Lisome mara mbili kabla ya kuendelea, mara moja kwa sauti.

MAJI YAMEJAA

1. Nasimama ufuoni, mwezi umetimilia,
Maji yapanda mwambani, povu linanirukia,
Chumvi yako mdomoni, bado ninaisikia,
Maji yananifikia, nishike nisizamie.

2. Ulikuja polepole, ukanigusa nyayoni,
Ukasogea na mbele, ukafika magotini,
Sikupiga mi kelele, ukanifika moyoni,
Maji yananifikia, nishike nisizamie.

3. Kesho utakupwa tena, mchanga uachwe wazi,
Vyombo vitalaliana, bila maji bila kazi,
Nitakuita kwa jina, nijibiwe na mizizi,
Maji yananifikia, nishike nisizamie.

4. Wazee wananionya, bahari si ndugu yao,
Wameona ikifanya, makaburi ya wenzao,
Nasikia wanikanya, moyo haushiki yao,
Maji yananifikia, nishike nisizamie.

5. Tanga langu nalitweka, upepo sasa wavuma,
Usukani naushika, sitazami tena nyuma,
Nikizama nikifika, yote kwangu ni huruma,
Maji yananifikia, nishike nisizamie.

Ijue bahari kabla ya kuifumbua

Ikiwa umekulia Nyeri, Kisii au Lodwar, huenda hujawahi kuona maji yakijaa na kukupwa. Hilo halikuzuii kulielewa shairi, mradi ujue mambo manne.

*Kujaa na kupwa.* Pwani yetu hupata maji kujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa kila muda wa takriban saa 25. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kiasi cha saa 6. Ndiyo maana nyakati za maji husogea kila siku, na mvuvi huzihesabu kama abiria anavyohesabu saa za basi.

*Bamvua.* Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mvuto wa mwezi na wa jua huungana. Maji hupanda juu kuliko kawaida. Siku hizo hizo, yanapokupwa hurudi mbali kuliko kawaida.

*Mikoko.* Miti hii hukua kwenye matope ya vidaka na hori za bahari, kwa mfano Lamu, Mtwapa na Gazi. Maji yakikupwa, mizizi yake hubaki nje, imesimama juu ya matope.

*Vyombo.* Mashua zilizotiwa nanga penye maji haba hulala ubavu maji yanapoondoka. Haziendi popote hadi maji yarudi.

Sasa rudi kwenye mshororo wa kwanza: "mwezi umetimilia." Msomaji asiyejua bamvua huona pambo tu, kwa sababu mwezi mpevu na mapenzi huenda pamoja hata katika nyimbo za redioni. Msomaji anayejua bamvua anatambua kwamba usiku huu ndio maji yanapanda zaidi, na kwamba yatakapoondoka yataacha ufuo mkavu kuliko siku nyingine. Ukiwa wa ubeti wa tatu umeshatabiriwa na mwezi wa ubeti wa kwanza. Furaha ikiwa kubwa kiasi hiki, upungufu wake nao utakuwa mkubwa vivyo hivyo. Huu ni mfano wa namna ujuzi wa kitu halisi unavyofungua fumbo.

Ufafanuzi wa beti

*Ubeti wa kwanza.* Nafsineni amesimama ufuoni usiku wa mwezi mpevu. Maji yanapanda na povu linamrukia. Anasema bado anaisikia chumvi "yako" mdomoni. Angalia kitenzi "kusikia." Katika Kiswahili, tunasikia sauti, lakini pia tunasikia harufu, ladha, baridi na uchungu. Neno moja linakusanya hisi kadhaa. Angalia pia kiwakilishi "yako." Shairi halisemi ni chumvi ya nani. Yaweza kuwa ya bahari inayosemeshwa kama mtu, na yaweza kuwa ya mpenzi aliyebusu na kuondoka. Neno "bado" linatuambia kwamba tendo limepita, ila ladha imebaki.

*Ubeti wa pili.* Maji yanapanda mwilini: nyayoni, magotini, moyoni. Hapa wanafunzi huanza kucheka, nawe unapaswa kusoma kwa makini zaidi. Mshairi ameanza kupanda hatua kwa hatua, kisha kutoka magotini akaruka hadi moyoni. Sehemu za kati hazikutajwa. Mruko huo ni staha, na pia ni ustadi. Kisichotajwa kinasikika kwa sababu tulikuwa tunakihesabu. Aidha, neno la mwisho ni "moyoni", si "kifuani." Kifua ni cha mwili tu, ilhali moyo ni wa mwili na wa hisia. Hapo ndipo maji ya kawaida yanapogeuka kuwa mapenzi.

*Ubeti wa tatu.* Wakati unabadilika kuwa ujao. Nafsineni anaona kesho: mchanga mtupu, vyombo vimelaliana, jina likiitwa na kujibiwa na mizizi. Mizizi haina sauti, kwa hiyo jibu lenyewe ni kimya. Hakuna neno lolote la huzuni katika ubeti huu, wala "kulia", wala "majonzi", lakini huzuni imejaa. Taswira zimefanya kazi ambayo vivumishi vingeifanya vibaya.

*Ubeti wa nne.* Jamii inaingia. Wazee wanaonya kwa msingi wa walichokiona: wenzao walizama. Onyo lao ni la haki. Mshairi hakuwafanya wazee kuwa wajinga au wakatili, na jambo hilo linaupa ubeti uzito. Nafsineni anawasikia, ila moyo wake "haushiki yao", yaani haushiki maneno yao.

*Ubeti wa tano.* Nafsineni anatweka tanga, anashika usukani, hatazami nyuma. Amekwisha kuamua. Hata hivyo kibwagizo kinarudi kuomba: "nishike nisizamie." Mtu aliyeamua kwenda bado anaomba kushikwa.

Miitiko mitatu ya wasomaji

Ukilipa darasa shairi hili, utapata miitiko inayotofautiana. Tuchunguze mitatu kwa kuuliza swali moja: je, mwitiko huu unabeba beti ngapi?

*Mwitiko wa kwanza: "Hili ni shairi la mapenzi."* Msomaji huyu anasema maji ni sitiari ya mpenzi. Ushahidi wake ni chumvi ya mdomoni, mguso wa ubeti wa pili, na kuita kwa jina katika ubeti wa tatu, kwani mtu huitwa kwa jina akiwa anapendwa au anakumbukwa. Ubeti wa nne unamsumbua kidogo: makaburi yanahusiana vipi na mapenzi? Anaweza kujibu kwamba wazee wameona watu walioharibikiwa kwa sababu ya mapenzi, na kwamba kaburi ni chuku ya maangamizi hayo. Jibu hilo linakubalika. Mwitiko huu unabeba beti zote tano, ingawa ubeti wa nne unaubeba kwa kuufumbua zaidi.

*Mwitiko wa pili: "Hili ni shairi la mvuvi na kazi yake."* Msomaji huyu anachukua maneno kama yalivyo: ufuo, mwamba, vyombo, tanga, usukani, wenzao waliozama. Vyombo "bila maji bila kazi" ni riziki iliyokatika. Mwitiko huu una nguvu katika beti za tatu, nne na tano. Katika ubeti wa pili unapungua, kwa sababu mvuvi anayeingia majini hahitaji kueleza kwamba hakupiga kelele. Kutopiga kelele ni ishara ya kuridhia, na kuridhia ni lugha ya watu wawili. Hata hivyo, mwitiko huu unatukumbusha jambo la maana: fumbo zuri lazima lisimame pia kwa maana yake ya juu. Bahari ya shairi hili ni bahari ya kweli, yenye chumvi na matope.

*Mwitiko wa tatu: "Hili ni shairi la kijana anayetaka kwenda ng'ambo."* Msomaji huyu anashika neno "nisizamie." Katika matumizi ya mitaani na bandarini, kuzamia ni kusafiri kwa kujificha melini. Anaongeza onyo la wazee, makaburi ya waliotangulia, na "sitazami tena nyuma." Ni mwitiko wa busara, na darasa haliwezi kuucheka. Ila beti za kwanza na pili haziusaidii: kijana huyo anaisikia chumvi ya nani, na nani amemgusa nyayoni? Pia anayejificha melini hatweki tanga wala kushika usukani wa chombo chake mwenyewe.

Unaona basi kwamba miitiko hii haiko sawa, wala hakuna uliotupwa kwa dharau. Wa kwanza una ushahidi mwingi zaidi. Wa pili unaimarisha maana ya juu. Wa tatu umeanzia kwenye neno halisi, ingawa haukufika mbali. Kumbuka pia kwamba malenga wetu wamefumba mambo mengi mbali na mapenzi. Katika *Sauti ya Dhiki* (1973), diwani aliyoitunga akiwa kifungoni, Abdilatif Abdalla alimtumia mamba kusema kuhusu watawala. Usidhani kila bahari ni mapenzi. Acha maneno ya shairi yaamue.

Neno moja, hoja mbili: "nisizamie"

Kuzama ni kwenda chini ya maji bila kutaka. Kuzamia ni kuingia chini ya maji kwa makusudi, kama afanyavyo mtu anayetafuta kitu kilichoanguka humo. Kwa hiyo "nishike nisizame" lingekuwa ombi la mtu anayeogopa ajali. "Nishike nisizamie" ni ombi la mtu anayejiogopa mwenyewe: nishike, usije nikaingia kwa hiari yangu. Ukisoma hivyo, kibwagizo kinakuwa kitovu cha shairi, kwani hofu na hamu zimo katika kitenzi kimoja.

Msomaji mwingine anaweza kupinga. Atahesabu mizani: "nishike nisizame" ni mizani 7, na kipande kinahitaji 8. Huenda basi mshairi alirefusha neno ili kutosheleza mizani, yaani alitumia mazida.

Nani yuko sahihi? Wote wawili wana ushahidi. Lakini ubeti wa tano unasema "nikizama nikifika", ukitumia kitenzi kifupi. Mshairi anazijua sura zote mbili za kitenzi, na amezitenganisha. Hilo linaipa nguvu hoja ya kwanza. Katika mtihani, hoja ya aina hii, iliyofupishwa kwa sentensi mbili, hukutofautisha na mtahiniwa aliyekariri.

Fani kwa muhtasari

- *Muundo:* beti 5, mishororo 4 katika kila ubeti (tarbia), vipande 2 katika kila mshororo, ukwapi na utao (mathnawi), mizani 8 kwa 8, jumla 16, kibwagizo kinachorudiwa.
- *Vina:* vinabadilika kutoka ubeti hadi ubeti, kwa hiyo ni ukaraguni. Katika ubeti wa tatu, kwa mfano, vina vya mishororo mitatu ya kwanza ni *na* na *zi*.
- *Tashihisi:* bahari inasemeshwa, inagusa, na inaitwa kwa jina.
- *Sitiari na jazanda:* maji ni mapenzi. Kupwa ni kuachwa. Kutweka tanga ni kuamua.
- *Taswira:* oni (mwezi, povu, mchanga uachwao wazi). Mwonjo (chumvi mdomoni). Mguso (nyayoni, magotini).
- *Uhuru wa mshairi:* inkisari ("mi" badala ya "mimi"), kuboronga sarufi ("Sikupiga mi kelele" badala ya "Mimi sikupiga kelele", "Tanga langu nalitweka" badala ya "Nalitweka tanga langu").

Kutaja udhaifu bila kumvunja mtunzi

Shairi la malenga chipukizi huwa na kasoro. Msomaji mwema huzitaja, lakini huzitaja kwa neno na mahali pake. Tazama hizi mbili.

Kwanza, katika ubeti wa nne, utao wa mshororo wa kwanza na wa tatu unaishia kwa neno lilelile, "yao." Kina kimepatikana kwa kurudia neno, na masikio yanalihisi pengo.

Pili, katika ubeti wa tano, "yote kwangu ni huruma" ni kauli legevu. Huruma ya nani, kwa nani? Beti nne zilizotangulia zimesema kwa vitu vinavyoonekana na kushikika, na ghafla tunapewa neno la jumla. Inaelekea lilichaguliwa kwa kuwa linaishia na *ma*. Mtunzi angeweza kubaki na kitu cha chomboni au cha majini hadi mwisho.

Linganisha ukosoaji huo na kauli kama "shairi hili ni la aibu" au "mshairi hajui kutunga." Kauli hizo hazimfundishi mtunzi kitu, wala hazimpi mtahini cha kukupa alama. Kuna hasara nyingine kubwa zaidi. Darasani mwako huenda yupo mwanafunzi anayetunga mashairi kwa siri nyuma ya daftari. Akisikia wenzake wanacheka neno "mdomoni", atalichana. Akisikia mmoja wao anauliza kwa nini maji yaliruka kutoka magotini hadi moyoni, atatunga jingine.

Makosa ya kuepuka

1. *Kumpa nafsineni jinsia isiyotajwa.* Watahiniwa wengi wangeandika "mvulana anamwambia msichana." Shairi hili halisemi. Viambishi vya nafsi katika Kiswahili havionyeshi jinsia. Andika "nafsineni ni mtu aliyezama mapenzini" na uishie hapo.
2. *Kumchanganya mshairi na nafsineni.* Anayesema "nasimama ufuoni" ni nafsineni. Mtunzi huenda anakaa Eldoret.
3. *Kutaja tamathali bila kazi yake.* "Kuna tashihisi" ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni mfano na athari yake.
4. *Kuhubiri.* Swali likiuliza toni, usitoe mawaidha kuhusu vijana na mahaba. Mtahini anataka toni na ushahidi wake.
5. *Kutumia lugha ya mtaani.* Sema "mguso", "mahaba", "kuridhia", "ashiki." Maneno haya yanatosha kwa kila kitu kilichomo katika shairi hili, na hayamtii mtu haya.

Maswali ya marudio (alama 20)

(a) Bainisha nafsineni na nafsinenewa katika shairi hili. (alama 2)
(b) Tambua aina tatu za taswira na utoe mfano wa kila moja. (alama 3)
(c) Eleza toni mbili za shairi. (alama 2)
(d) "Maji katika shairi hili si maji tu." Thibitisha kwa hoja nne. (alama 4)
(e) Onyesha jinsi mshairi alivyotumia uhuru wake kwa njia mbili. (alama 2)
(f) Fafanua muundo wa shairi. (alama 4)
(g) Andika ubeti wa tatu kwa lugha ya nathari. (alama 3)

Mwongozo wa majibu teule

(c) *Toni ya hamu:* "chumvi yako mdomoni, bado ninaisikia." *Toni ya hofu:* "nishike nisizamie." (Toni ya ujasiri inakubalika pia ikithibitishwa na "sitazami tena nyuma.")

(d) (i) Maji yanamgusa nafsineni hatua kwa hatua hadi moyoni. Ni mapenzi yanayomwingia mtu taratibu. (ii) Maji yatakupwa kesho. Ni mpenzi atakayeondoka na kuacha upweke. (iii) Maji yamefanya makaburi ya watu. Ni hatari ya mapenzi ambayo wazee wanaionya. (iv) Nafsineni anatweka tanga juu ya maji hayo. Ni uamuzi wa kuyafuata mapenzi licha ya onyo.

(g) Kesho maji yataondoka tena na kuuacha mchanga ukiwa wazi. Vyombo vitalala kwa kuegemeana, vikikosa maji na kazi. Nitakuita kwa jina lako, lakini kitakachonijibu ni mizizi tu. Maji yananifikia, nishike ili nisije nikazamia. (*Tanbihi:* andika kwa mtiririko wa kawaida wa sentensi, usinukuu mishororo. Kibwagizo nacho ni sehemu ya ubeti; usikiache.)

Majibu ya (a), (b), (e) na (f) yamo katika maelezo yaliyotangulia. Yaandike kwa maneno yako, kisha yalinganishe na ya mwenzako.

Zoezi la ziada

Tunga ubeti mmoja wa tarbia, mizani 8 kwa 8, ukitumia kitu cha mahali unapoishi kufumbia hisia moja: mto, mvua ya masika, upepo wa jangwani, moshi wa jikoni au shamba la majani chai. Usiitaje hisia yenyewe kwa jina. Mpe mwenzako ausome na aseme ni hisia gani, akionyesha neno lililomwongoza. Akikosa, uliza ni neno lipi lililompoteza, kisha ulibadilishe.